Mwanaheri Alijitaja Jina Mikokoni

Wasikilizaji wapendwa, wajukuu zangu, acheni masufuria kidogo. Leo namkumbuka Mwanaheri Suleiman wa Mbweni. Mwanaheri, yule mama aliyekuwa akiwaonyesha watu ndege kwenye mikoko. Tumemzika Alhamisi.

Alivaaga viatu vya mpira vya kijani, darubini shingoni, kanga kiunoni. Alikuonyesha ndege sululu anavyochomeka ule mdomo wake mrefu uliopinda topeni, huku akikunong'oneza, "Taratibu, dada, utamkimbiza mwenyewe."

Alikuwa na sharti moja, la bibi zake. Mikokoni hamuitani majina, majini wasije wakayasikia. Na sauti usiyemwona mwenyewe, usiiitikie. Huenda si mtu.

Jumanne yalikuwa maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kiasi. Alimpeleka Jovina, mwalimu kutoka Bukoba, mgeni wa pwani. Jovina akamfuata mdiria, kile kindege cha buluu, mti hadi mti. Alipogeuka, hamwoni mtu. Na nyuma yake, kijito walichokivuka kwa miguu kimeshajaa, kimyakimya.

Akasikia mluzi. Mluzi tena, karibu zaidi.

"Bibi, nilijibana kwenye mti nikaziba mdomo," Jovina aliniambia. "Nilikatazwa kuitikia, sikuitikia."

Sikieni hilo: hakuitikia. Na Mwanaheri, mwenye mluzi ule, akazidi kuingia ndani kumtafuta, maji yamemfika kiunoni. Ndipo akavunja sharti lake.

"Mwalimu Jovina! Mie Mwanaheri! Mwanaheri binti Suleiman, mama Talha! Mtu mie, si jini! Itika basi, tutakufa!"

Jovina akaitika. Mwanaheri akamfikia, akampandisha mtini, akamfunga kwa kanga asidondoke. Mguu wake mwenyewe ukazama topeni katikati ya mizizi. Ukakataa kutoka. Jovina alimshika mkono mpaka maji yakampita kichwa. Mpaka vidole vikalegea.

Bintiye, Talha, aliniambia msibani, "Mama hata uani usiku alikuwa hatuiti majina. Kujitaja vile, mikokoni, alijua anaita nini."

Pole Talha, poleni wana Mbweni. Pole nawe Mwalimu, ulishika ulichofundishwa. Sie wazee tujitazame, hofu zipi tunawapa watoto wabebe.

Jana, maji yalipokupwa, Talha na Jovina walikwenda ukingoni. Sululu walikuwa wanakula. Jovina akaita kwa sauti yake yote, "Mwanaheri!"

Ndege wakaruka wote. Wao wawili wakabaki wamesimama, wanasikiliza.