Aliyesoma Umri wa Nyangumi Masikioni: Maisha ya Dakta Yasunori Kuwahara

Mheshimiwa mtawa wa hekalu letu, majirani wa Uranohama, na ninyi nyote mliopanda treni tangu alfajiri kuja kumuaga kaka yangu, familia imeniomba nisome historia yake, nami nimeiandika kwa mkono wangu, na yale ambayo wengine walinishauri niyaruke sikuyaruka.

Yasunori Kuwahara alizaliwa tarehe 9 Februari 1951, hapa Uranohama, katika nyumba iliyo nyuma ya gati, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Kanezo, mpasuaji wa nyangumi, na Mama Fumi, aliyemtangulia alifariki akiwa na umri wa siku tisa, nami Sumie, ninayesoma, ndiye kitinda mimba. Alianza shule ya msingi ya hapa kijijini Aprili 1957, akamaliza sekondari mjini Hagi mwaka 1969, akaenda chuo kikuu kule Hakodate kusomea viumbe vya bahari, ambako alitunukiwa shahada ya udaktari Machi 1978, kwa kazi ya kusoma umri wa nyangumi kutokana na kizibo cha nta kilichomo sikioni mwake, kwa maana nta ile hujipanga tabaka kwa tabaka, na anayejua kuzihesabu huambiwa mnyama aliishi miaka mingapi, ila ni lazima mnyama awe amekufa kwanza.

Tarehe 3 Mei 1981 alifunga ndoa na Chizuru, binti wa muuza makombe ya baharini wa Hakodate, na tarehe 14 Agosti 1984 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Mizuho, ambaye leo ni mwalimu huko Sendai na yupo hapa mbele pamoja na mama yake.

Kuhusu kazi, aliajiriwa Tokyo mwaka 1978, na dunia iliposimamisha uwindaji wa biashara, meli zilezile, zikiwa na wapiga chusa walewale, zilirudi Bahari ya Kusini mwishoni mwa mwaka 1987 zikiwa zimeandikwa UTAFITI ubavuni kwa herufi kubwa, chini ya kifungu cha nane cha mkataba wa mwaka 1946, kinachoiruhusu nchi kutoa kibali cha kuua nyangumi kwa ajili ya sayansi, na kinachoagiza kwamba mizoga nayo itumike, isitupwe, ndiyo maana nyama ilifika kwenye duka langu pale sokoni, na sote tuliila, wala sioni haya kulisema mbele ya picha yake.

Kaka alipanda meli ndogo ya kuwindia pamoja na Bwana Tokuji Hamano, mzaliwa wa hapahapa, aliyesimama kwenye mzinga wa kurushia chusa, na kazi ya kaka ilikuwa kushika orodha ya namba za bahati nasibu, kwa sababu sayansi haitaki mwindaji achague mnene au mkubwa, hivyo nyangumi wakionekana wawili, namba ndiyo iliyosema afe yupi, na akionekana mmoja, huyo alichukuliwa.

Tarehe 22 Januari 1994, bahari ikiwa shwari na ukungu umekaa juu ya maji, walionekana wawili, Bwana Tokuji akauliza kama kawaida yake, "Mwalimu, huyu au yule?" kaka akatazama orodha, akajibu, "Wa pili," na hapohapo wale wanyama wakazama, wakaibuka, aliyekuwa mbele sasa yuko nyuma.

"Wamebadilishana," alisema Bwana Tokuji. "Yule mwenye kovu mgongoni ndiye alikuwa mbele."

"Fuata wa pili wa mwanzo."

Wakazama tena, wakabadilishana tena, na mara ya tatu vilevile, mwenye kovu akijiweka kati ya mwenzake na meli, hadi Bwana Tokuji akaondoa mkono kwenye mzinga na kusema, "Mwalimu, hawa wanatusikia tunavyoongea," na mabaharia wakacheka, mmoja akamtania kwamba uzee umemwingia machoni, lakini kaka alituambia baadaye kwamba kicheko kile kilikatika ghafla, kama watu wamesikia mlango ukifungwa, pale baharini pasipo mlango wowote.

Yule aliyetajwa na namba tangu mwanzo alipigwa saa saba na robo mchana, alikuwa jike mwenye mimba, na mwenye kovu hakukimbia, aliifuata meli siku hiyo, na siku ya pili, akipumua upande wa kushoto, karibu na dirisha la chumba cha kaka, pumzi moja kila baada ya dakika chache, na siku ya tatu, meli ilipoingia kwenye mstari wa utafiti, njia iliyochorwa ambamo kila aonekanaye huhesabiwa, akawa ni nyangumi mmoja aliyeonekana mstarini akiwa peke yake.

Bwana Tokuji alimgeukia kaka, akamuuliza, "Mwalimu, sheria yako inasemaje?"

Kaka akasema, "Inasema achukuliwe."

"Sikuulizi wewe. Nimeuliza sheria."

"Ndiyo nimekujibu."

Alipigwa, naye hakuzama wala hakujitupa, alikaa juu ya maji akiielekea meli, na kwenye meza ya meli mama, ile kubwa ya kupasulia, kaka alikitoa kizibo cha nta ya sikio, akakikata, akahesabu tabaka arobaini na mbili, akarudia mara tano, ndiyo miaka aliyokuwa nayo yeye mwenyewe siku ile, akaijaza namba hiyo kwenye fomu, akaenda kulala, na tangu hapo, alisema, pumzi ile ya upande wa kushoto haikuisha, hata akiwa nchi kavu, hata akiwa Tokyo ghorofa ya sita.

Aliendelea na kazi kwa miaka mingine kumi na saba, na msiniulize kwa nini, kwa maana nilimuuliza akasema alidhani mwakani data zitatosha, na mwakani hazikutosha, na idadi ya kuuawa ikaongezwa, na alipouliza kikaoni idadi hiyo inajibu swali gani, mkubwa mmoja alimwambia, "Kuwahara, wewe soma masikio, maswali tutatafuta." Alistaafu Machi 2011 akarudi Uranohama, akapewa na hekalu kazi ya kufagia makaburi ya vijusi vya nyangumi ambavyo mababu zetu walivizika wakivitazamisha baharini, kwa kuwa walisema mtoto ambaye hajaiona bahari asinyimwe kuiona.

Mwaka 2013, kesi ya kupinga uwindaji huo ikiwa mahakamani The Hague, aliombwa aandike maelezo ya kuutetea utafiti, akaandika kurasa mbili, akisema kwamba mengi yangejulikana kwa kipande cha ngozi na kinyesi kilichookotwa majini, kwamba umri kwa njia yake ulihitaji mnyama afe lakini si wengi kiasi kile, na kwamba idadi ilipangwa kwanza, sababu zikafuata. Maelezo hayo hayakupelekwa mahakamani, lakini yakaonekana gazetini, na tarehe 31 Machi 2014 majaji kumi na wawili dhidi ya wanne waliamua kwamba vibali vile havikuwa kwa madhumuni ya sayansi, ingawa hakuna jaji aliyewahi kulisikia jina la kaka yangu.

Mnajua kilichofuata, kwa maana mlikuwepo, jinsi mlivyoacha kununua kwangu, jinsi gari la kaka lilivyomwagiwa matumbo ya samaki, na jinsi Bwana Tokuji alivyovuka barabara kila alipomwona, na mimi mwenyewe nilikwenda nyumbani kwake na aproni ya duka kiunoni, nikamwambia, "Kaka, umetuua. Baba alikulisha kwa nyangumi, leo unatuita wezi mbele ya Wazungu?"

Alinijibu, "Sumie, sikusema watu wasile. Nimesema wasiseme mimi ndiyo sababu."

Nilitoka bila kuaga, na nikakaa miaka tisa bila kuingia mle ndani.

Kuhusu ugonjwa, mwezi Juni 2016 alianza kupoteza usikivu, na kufikia mwisho wa mwaka hakusikia chochote, madaktari watatu wakachunguza wakakuta masikio safi na mishipa mizima, lakini wifi yangu Chizuru anasema alipomwekea mkono kifuani alihisi mtetemo, wa chini sana, usiofuatana na moyo, na chai iliyowekwa karibu naye ilichora duara kikombeni bila mtu kugusa meza. Julai 2019, nchi ilipojitoa kwenye mkataba na kurudia uwindaji wa biashara kwenye maji yake, alisoma habari hiyo gazetini, akasema kwa sauti ya kiziwi isiyojua ukubwa wake, "Afadhali. Sasa wanasema wanachokifanya," kisha akalia.

Bwana Tokuji alimtembelea mwaka jana, mwezi Novemba, wakakaa wakiandikiana kwenye daftari, na wifi alikuta ukurasa mmoja ambao Bwana Tokuji ameandika, "Upande gani?" na kaka ameandika, "Kushoto," na Bwana Tokuji ameandika, "Kwangu pia." Ameniruhusu kulisema hili, na yuko hapo mstari wa nyuma.

Kaka alifariki nyumbani Jumamosi tarehe 18 Novemba 2023, moyo ukasimama saa nne na dakika ishirini asubuhi mbele ya daktari, ila mtetemo ule haukusimama, daktari akaweka mkono, akautoa, akauweka tena, na tulikaa tumezunguka kitanda, mikono yetu minne juu ya kifua kilichokuwa kinapoa, mpaka saa sita kasoro dakika tano, ulipopungua taratibu kama kitu kinachokwenda mbali, ukaisha. Daktari aliuliza, "Niandike saa ngapi?" na wifi akamwambia, "Andika unachoweza kukitetea," naye akakaa na kalamu mkononi muda mrefu kabla ya kuandika saa nne na dakika ishirini.

Familia inamshukuru daktari huyo kwa kutotudanganya na kwa kutotukimbia, inawashukuru wauguzi wa zahanati, mtawa na waumini wa hekalu, wafanyakazi wenzake wa zamani waliokuja bila kutaka majina yao yatajwe, na majirani, hata wale ambao hawakuwahi kuvuka kizingiti chetu kwa miaka kumi, chai ipo, kaeni, msiondoke haraka.

Mimi binafsi nilirudi ndani ya nyumba yake siku nne kabla hajafa, nikapiga magoti pembeni ya kitanda, nikamwomba radhi kwa sauti kubwa, nikijua hasikii, na nikakataa kumwandikia, kwa sababu niliona aibu, nikaogopa mwandiko wangu usije ukabaki kwenye daftari, na hilo ndilo ninalolijutia leo, kwa hiyo ombi langu ninalisoma hapa kutoka kwenye karatasi, limeandikwa: nisamehe, kaka. Lala, Yasunori, pawe kimya ulipo.