Mistari Mitatu ya Mama Labo

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2023, Mama Apollinarie Arakaza anakabidhi funguo za maabara ya Kituo chetu cha Mimea na Afya, hapa Uvira, baada ya miaka thelathini na minne na miezi karibu tisa ya kazi. Alianza Jumatatu tarehe 3 Oktoba 1988, akiwa laborantini, yaani fundi wa maabara, wa pekee, mwenye darubini moja na kabati lisilofungika. Anaondoka akiwa na cheo kilekile. Atakayeuliza kwa nini, asome hadi mwisho.

Wageni wa kituo tunawatambua upesi: ni wale wanaomwita kwa jina lake. Sisi wote tunasema Mama Labo, na masharti yake tunayajua kwa moyo. Kila chupa huoshwa mara saba, si sita. Kikombe cha kunywea hakivuki kizingiti cha labo, yaani maabara. Mkurugenzi wetu wa zamani, Bwana Herménégilde, alithubutu siku moja kunywea chai katika bilauri ya vipimo. Alifuatwa mpaka ofisini mwake akapokonywa, chai ikiwa bado ya moto, mbele ya wageni kutoka Bukavu.

Vita ya kwanza ilipotufikia, Oktoba 1996, watu walibeba magodoro na masufuria. Yeye aliibeba darubini mgongoni, ameifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga. Kwenye kizuizi askari akataka kufunua kitenge. "Mutoto iko mugonjwa," Mama Labo akamwambia, "musimuamushe." Askari akarudi nyuma, na darubini ile inafanya kazi hadi leo. Huo ni uongo wa kwanza ninaoujua kwake. Wa pili ndio ulionifanya niombe kuandika wasifu huu, unaosomwa pia katika sherehe ya leo ya kumuaga, mimi Halidi, katibu wa kituo na mtengenezaji wa buletini hii tangu mwaka 1995.

Mwishoni mwa 1997 alipelekwa Nairobi kwa miezi minane, katika maabara inayokuza seli za saratani ndani ya vyombo vya kioo. Alikwenda na majani ya chai aliyoyachuma mwenyewe kwa mkulima mmoja wa Mulenge. Aliyapitisha kwenye mvuke mara tu baada ya kuyachuma, yakabaki na rangi yake ya kijani. Majani yanayoachwa yageuke meusi hupoteza sehemu kubwa ya katekini, kemikali za asili za chai, na katekini ndizo alizozitafuta. Alizimimina juu ya seli, akawa anahesabu kila asubuhi. Seli za saratani ziliacha kugawanyika, kisha nyingi zikajiua zenyewe, kama seli iliyochakaa inavyofanya mwilini. Seli zenye afya zilistahimili zaidi. Alirudi Julai 1998 na madaftari matatu na furaha ambayo sijaiona tena usoni pake. Wiki chache baadaye vita ya pili ikaanza.

Machi 1999 alinipa ripoti yake kwa ajili ya buletini. Wakati ule stensili za kuchapia na karatasi zilikuwa zimeadimika, na toleo zima lilikuwa karatasi moja, mbele na nyuma. Ripoti ilizidi kwa mistari mitatu, nami nilikuwa na tangazo la mechi ya mpira kati ya wafanyakazi na walimu. Nikaikata mistari mitatu ya mwisho. Juu nikaweka kichwa cha habari cha kwangu: Chai ya Kijani Yaua Saratani. Nilikiona kizuri sana. Mechi yenyewe haikuchezwa.

Toleo lilipotoka alikuja mezani kwangu, karatasi mkononi. "Weye Halidi, mistari yangu ya mwisho iko wapi?" Nikamwambia itaingia katika toleo lijalo. Toleo lililofuata lilitoka mwaka 2004.

Karatasi ile ilisafiri mbali kuliko tulivyodhani. Ilisomwa baada ya misa, ikakunjwa, ikapanda bonde la Ruzizi hadi Kiringye kwa Georgette, muuza mchele, aliyekuwa na uvimbe mdogo kwenye titi. Daktari alikuwa amempangia siku ya kupasuliwa, mwezi wa Aprili, na barabara ilikuwa bado inapitika. Hakwenda. Septemba alikuja labo na kikapu cha mchele wa shukrani. "Mama Labo, niko nakunywa ile chai asubui na mangaribi," alisema. "Karatasi ilisema inauwa kansere. Sasa kisu ni ya nini?" Mama Labo alimkagua nyuma ya pazia, akaukuta uvimbe umekua sana. Alihangaika wiki nzima kumtafutia njia ya kufika hospitali, lakini safari hii barabara ilikuwa imefungwa. Georgette tulimzika Februari 2000.

Siku ya matanga kaka zake walitaka kujua ni nani aliyeandika maneno yale. Nilikuwa nimeketi palepale, kando ya Mama Labo, nami sikusimama. Akasimama yeye. "Ni minye," akasema, akijigusa kifua. "Nilisahau kuandika ya kwamba ilikuwa mu kioo tu."

Huo ndio uongo wa pili. Mwanamke anayeosha chupa mara saba aliambiwa mbele ya watu kwamba hana umakini, na Bwana Herménégilde akaliandika neno hilo katika faili lake. Mara tatu nafasi ya mkuu wa maabara ilikuwa wazi, na mara tatu faili lilisomwa kwanza. Faili lenyewe linakaa kabatini mwangu. Niliwaogopa kaka za Georgette, baadaye nikamwogopa mkurugenzi, na mwishowe nikazoea. Ninajuta, na ninaona aibu kwamba nimengoja mpaka siku ya kumuaga ndipo niseme.

Yeye hakuketi kujilaumu. Jumapili baada ya Jumapili, vizuizi vikiwa kila mahali, alipanda baiskeli yake, velo kama anavyoiita, kijiji hadi kijiji, kuanzia Kiringye mpaka Kamanyola, akiomba nafasi ya kusema baada ya misa. Alieleza kwamba kiasi alichomimina juu ya seli mtu hawezi kukifikisha katika damu yake hata akinywa birika baada ya birika kutwa nzima, kwa kuwa mwili huruhusu kidogo tu kipite. Wengine walimcheka, wakamwita Mama Chai. Wengine walikwenda kupimwa. Sabine wa Kamanyola, aliyepasuliwa mwaka 2001, leo ameketi mstari wa mbele, na ndiye aliyetupikia mchele wa sherehe hii.

Juma lililopita nilimwomba ruhusa ya kuyasema haya yote. Aliendelea kukausha chupa zake. "Andika," akasema. "Lakini usinifanye mutakatifu. Siku ile ile karatasi ilitoka, ningepanda velo niende kuwaambia. Minye nilingoja buletini yako."

Mama Apollinarie, kituo kinakushukuru kwa kila chupa na kila daftari. Mimi ninakuomba msamaha. Barua ya kurekebisha faili lako ilitiwa sahihi jana na mkurugenzi wa sasa, ingawa imechelewa mno kukupa cheo. Nenda ukapumzike, upate afya na usingizi wa kutosha, wajukuu wakuheshimu bila kulazimishwa kuosha vikombe mara saba, na chai uinywe kwa sababu ni tamu.

Na hii hapa mistari yako, kama ulivyoiandika Machi 1999. Safari hii nafasi imetosha.

Seli hizi zilikufa ndani ya kioo.
Ndani ya mtu, bado hatujui.
Mgonjwa asiache hospitali kwa sababu ya chai.