Koroga Mpaka Iive

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Dakta Nallasivam, waheshimiwa wajumbe wa bodi, walimu wenzangu, ndugu wazazi, ambao leo mmependeza kuliko sisi wenyeji, nanyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mliokuja kujifunza kuandika programu za kompyuta na bado mna furaha usoni: nawasalimu nyote.

Nimeombwa nieleze mtarajie nini katika kozi hii. Mkuu wa Chuo amenisihi niseme maneno ya kutia moyo. Nitajitahidi, ingawa sina mazoea.

Leo ni Vijayadashami, siku tunayowaanzishia watoto wetu masomo. Jana, sikukuu ya kupumzisha na kuheshimu vyombo vya kazi, kama kila mwaka, kompyuta zote za maabara zilipakwa msandali na unga mwekundu, zikavishwa maua, zikapumzishwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Hiyo ndiyo siku pekee ambayo hazimtukani mtu.

Ninyi ni watoto bora. Nani kati yenu hakuongoza darasa? Nani hakukariri kitabu cha fizikia mpaka jina la mpiga chapa? Hongereni sana. Mashine haina habari na hayo. Utaandika, utabonyeza, itakuambia umekosea. Utarekebisha, itakuambia umekosea. Utasahau alama moja ndogo, nayo itakulalamikia ukurasa mzima, ikinyooshea kidole mahali pengine kabisa. Wapo watakaokariri programu nzima na kuiandika kwa kalamu kwenye mtihani bila kujua inafanya nini. Hao nawavulia kofia, kisha nawapa sifuri.

Miaka michache iliyopita, masomo yalipoanza mapema kuliko mwaka huu, tulimpokea binti aitwaye Petchiammal, wa kwanza wilaya nzima. Mwezi wake wa kwanza alilia maabara karibu kila kipindi. Baba yake, Mzee Sudalaimuthu, mpika haluwa wa hapa mjini, alikuja ofisini kwangu akakataa kiti.

"Mwalimu, mashine yenu inamdharau mwanangu. Tangu ameanza shule hajawahi kupigwa mkasi kwenye daftari."

"Inamwambia kila mtu hivyo, mzee. Hata mimi."

"Wewe shauri yako. Mimi nasema hivi: sikukuu ikipita na bado hajamaliza hiyo programu yake, namtoa. Shangazi yake wa Tenkasi ameshampatia mchumba."

Programu yenyewe ilikuwa ya kumfurahisha baba: kuielekeza kompyuta hatua za kupika haluwa, kutoka kuwasha jiko hadi kupakua. Ila kila ikianzishwa ilizunguka pale pale bila kukoma, mpaka tuizime. Ilibaki siku moja, nayo ni ile ya kupumzisha vyombo vya kazi. Petchiammal akaniomba ufunguo wa maabara. Nikamnyima. Ningempa, Mkuu wa Chuo angenifukuza kazi, na mama yangu angenifukuza nyumbani.

Alasiri hiyo nilialikwa kwao kula dengu za sikukuu. Sufuria la haluwa na mwiko wake navyo vilikuwa vimevishwa maua, marufuku kuguswa. Binti akaketi na karatasi yake.

"Baba, leo wewe ndiye kompyuta. Fanya ninachokusomea tu, usitumie akili yako."

"Mama yako ananiambia hivyo tangu harusi," mzee akajibu.

Akawasha jiko lisilokuwepo, akamimina samli isiyokuwepo. "Koroga mpaka iive," binti akasoma. Mzee akakoroga hewa. Sisi tukala dengu, yeye akakoroga. Mkono ukaanza kumuuma, akakataa kuacha, maana ni mbishi.

"Baba, haijaiva tu?"

"Mimi nitajuaje? Umeniambia nikoroge. Hujaniambia nitazame."

Binti akaomba kalamu. Sijapata kuona mtu akilifurahia kosa lake mwenyewe namna ile. Machozi yalinilenga, nikasingizia pilipili.

Siku iliyofuata, siku kama ya leo, walikuja wote wawili. Mzee alikuwa na mfuko wa dukani, mtupu, wa kutilia vyeti vya binti tunavyovihifadhi hapa chuoni. Petchiammal akaandika mstari uliokosekana, akabonyeza. Kompyuta ikamwambia amekosea.

Mzee akasimama. "Inasemaje?"

"Imekoroga, Baba. Ikatazama, ikaacha. Sasa nimekosea kwenye kupakua."

Mzee akaitazama ile mashine yenye unga mwekundu usoni.

"Kwenye kupakua?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi haluwa imeiva," akasema. Akaukunja mfuko wake, akautia mfukoni, akaenda kufungua duka.

Petchiammal ndiye yule aliyeketi karibu na mlango, msaidizi wenu wa maabara. Asubuhi ya leo, kabla hamjafika, aliwasha kompyuta ya kwanza, ikamwambia amekosea. Nilimsikia akicheka peke yake.

Ndugu wazazi, mtafika ofisini kwangu na mifuko mitupu, nawajua. Mkifika, msiniulize kama mtoto bado anakosea. Niulizeni jana alikosea wapi, na leo amekosea wapi.

Haluwa mtakayoikuta mlangoni ameileta Mzee Sudalaimuthu mwenyewe, na amenihakikishia kwamba aliitazama. Nawashukuru kwa kunitegea sikio. Asanteni sana, na karibuni mkosee.