Uso wa Dorcas Pinnock Dirishani

Jumamosi hii, tarehe 30 Septemba 1837, Bi Dorcas Pinnock anaweka brashi chini baada ya miaka ishirini na saba katika duka letu la picha za kejeli hapa London. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu nilidhani nitachekesha tu. Jana jioni niliichana rasimu ya kwanza.

Alianzia kwenye meza ya wapaka rangi, ambako kila mtu hupaka rangi moja kwenye picha zilizochapwa, akapewa nyekundu. Kwa hiyo kila pua ya mfalme iliyotoka dukani humu ilikolezwa na yeye, wala hakuwa mchoyo wa rangi.

Mwaka 1820 Mfalme alimshtaki mkewe, Malkia, bungeni kwa uzinzi, ilhali habari za hawara wake mwenyewe zilijulikana mji mzima, na watu wakawa upande wa Malkia. Nyani haoni kundule. Mchoraji wetu, Silas Trundle, hakuwahi kumwona hawara huyo, basi alimvisha Bi Dorcas pazia, akamwambia, "Jivune kidogo, mama," akamchora yeye. Picha zilitoka bila jina la mchoraji, maana wapelelezi wa Serikali walimsaka wamtie ndani. London ikaujua uso wa hawara kutoka dirisha letu.

Jana nilimuuliza Bi Dorcas, ili ninogeshe maandishi haya, alivyopata lile kovu juu ya jicho. Sote tuliamini alianguka ngazini.

"Ngazi gani?" akasema. "Walinizingira sokoni mwaka ule. Eti, 'Hawara wa Mfalme huyo! Sema Mungu amlinde Malkia!' Nikasema, tena kwa sauti. Wakanipiga mawe vilevile."

Angeeleza tu kwamba yeye ni mpaka rangi, na kwamba Trundle ndiye humchora, wangemwacha. Nikamuuliza mbona hakueleza.

"Nimtaje Silas mbele ya umati ule, naye ana watoto wanne? Wewe nawe."

Kesho yake baada ya mawe hayo alirudi kazini kichwa kimefungwa kitambaa, akaendelea kuupaka wekundu uso wake mwenyewe, picha baada ya picha, nasi tukimtania. Naona aibu kwa niaba yetu sote.

Trundle alikuwa nyuma yetu, amesikia yote. Alivuta kiti hadi penye mwanga, akamwomba Bi Dorcas aketi, akaanza kuchora.

Picha hiyo imetundikwa dirishani asubuhi hii. Chini yake pameandikwa Dorcas Pinnock, na pembeni, kwa mara ya kwanza, Trundle ametia sahihi.

Asante, Bi Dorcas. Uishi kwa amani, na atakayekutambua njiani akuvulie kofia.