Rodah Jesang na Punda Aliyetupita

Kwa Mwenyekiti na Wanakamati,
Kambi ya Wakimbiaji ya Chesirwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, salamu za heshima zitangulie. Waraka huu una madhumuni mawili: kwanza, kuwasilisha wasifu wa Bi. Rodah Jesang Kimosop utakaochapishwa katika programu ya sherehe ya Jumamosi. Pili, kuomba uamuzi wa Kamati juu ya jambo ambalo, kadiri nilivyojitahidi kulitenga na wasifu huo, lilikataa kutengwa.

Bi. Jesang anastaafu mbio za marathoni tarehe 30 Novemba, baada ya kuitumikia kambi hii kwa miaka kumi na tisa. Alifika hapa akimletea kaka yake blanketi. Jioni ile alikosa gari la kuteremka bondeni, akalala. Alfajiri akaamshwa na vishindo vya viatu, akatoka mbio na wengine. Kaka yake aliacha riadha mwaka uliofuata, akarudi bondeni kufuga mbuzi. Dada na blanketi walibaki.

Mbio zake za kwanza ng'ambo zilikuwa katika mji wenye baridi kali. Wenzake walijaza chupa zao maji ya glukosi. Yeye alijaza mursik, maziwa ya mgando yaliyotiwa mkaa, kutoka kibuyu cha mama yake, kisha akailaza chupa hiyo usiku kucha kando ya mtambo wa kupasha chumba joto. Alipoifungua katikati ya mashindano, maziwa yaliruka yote yakamtapakaa usoni, pamoja na mkaa wake. Mtangazaji wa runinga aliusifu uso huo kuwa umepakwa rangi za kimila. Sisi tuliokuwa tukitazama hotelini Iten tulimsikia mzee mmoja akifoka: "Rangi gani! Hiyo si mursik imechacha?" Bi. Jesang alimaliza wa pili. Alipoulizwa sababu ya kutoshinda, alijibu: "Ningeshinda aje, na kinywaji chote nimenawa?"

Baadaye alishinda marathoni nne za kimataifa. Siku aliyorejea na ushindi wa kwanza, zamu ya jikoni ilikuwa yake. Vijana walimsihi: "Mama, leo pumzika, wewe ni bingwa." Akavua shada la maua. "Ubingwa nimeuacha uwanja wa ndege. Leteni mwiko." Ukweli unanilazimu kuandika kwamba ugali wa jioni hiyo ulikuwa na mabonge.

Hata hivyo, utumishi wake mkubwa haukuwa na medali. Kila Jumatatu, siku ya mbio za kulegeza miguu, yeye ndiye aliyetangulia, na hapana aliyeruhusiwa kumpita. Kijana akijipenyeza, alitandaza mikono kama anayezuia kuku. "Wewe, unakimbilia wapi? Chai imekwambia inahama?" Asubuhi moja punda wa Kogo Tabarno, bibi jirani yetu, alitupita akiwa na mitungi ya maji mgongoni. Kipsaina, kijana wetu mwenye kasi kuliko wote, aliona aibu kubwa.

"Mama Jesang, punda ametupita!"

"Mwache apite. Yeye hana mashindano Jumapili."

Sasa naingia katika dhumuni la pili. Kanuni ya kambi inasema kitanda ni cha mwanariadha anayeshindana. Kanuni hiyo aliipendekeza Bi. Jesang mwenyewe alipokuwa kapteni, kwa kuwa mabingwa wa zamani walikuwa wakija kutusalimu na kuondoka wamekuwa na vitambi. Mmoja wao leo ni mwanakamati, na ninaamini hana kinyongo. Kwa kanuni hiyo, siku ya kustaafu Bi. Jesang atarudisha ufunguo na kuteremka bondeni.

Wiki iliyopita alikwenda harusini kwa mpwa wake, na mbio za Jumatatu zikaongozwa na Kipsaina. Punda akatokea. Kipsaina alikataa kupitwa. Punda naye, alipoona kundi zima linamfuata, akatimua mbio. Walikimbizana hadi mtoni na kurudi. Kogo Tabarno alifika langoni kabla hatujanywa chai. "Vijana wenu wamekimbiza punda wangu mpaka amefika nyumbani na mitungi mitupu! Nani atanichotea maji? Wewe wa stoo?" Nilichota. Kesho yake hakuna aliyeweza mazoezi ya kasi uwanjani, na msuli wa Kipsaina ungali umefungwa bandeji, ilhali mashindano yake makubwa ya kwanza ni mwezi ujao.

Kipsaina mwenyewe ndiye aliyenituma. "Mwambie Mwenyekiti, Mama Jesang arudishwe mbele. Mimi nikiona mkia wa punda, akili inaniruka."

Nilimshauri Bi. Jesang aiandikie Kamati. Alikuwa akikunja lile blanketi. "Elijah, sheria ni yangu. Niliwatoa wanaume wazima kwa hiyo sheria. Leo ikinifikia mimi ndio nilie?" Nikamuuliza kama anapenda kuondoka. Alilikunjua blanketi, akalikunja upya, hali lilikuwa limekunjwa vizuri.

Kwa hiyo naomba, kwa niaba ya wanariadha wote na bila yeye kujua, abaki na chumba chake akiwa kiongozi wa mbio za Jumatatu, na kanuni ibaki ilivyo kwa wengine.

Maneno ya kuufunga wasifu nimeyaandika hivi: Asante, Mama Jesang. Uishi kwa raha, ule ushibe, na punda wazidi kukupita. Yanasomeka sawasawa awe bondeni au hapa; mahali atakapoishi ndipo sijapajaza.

Naomba uamuzi wa Kamati, wa kukubali au kukataa, kabla ya programu kupelekwa kwa mpiga chapa siku ya Alhamisi.

Wenu mtiifu,
Elijah Chebii,
Mtunza Stoo.