Aliyejua Kumwambia Mtu Kwamba Pamba Yake ni Fifi

Ndugu Venant Maige ametumikia ghala letu la pamba hapa Kisesa kwa miaka ishirini na saba. Anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 1979. Jumatatu, tarehe 2 Julai, ununuzi wa pamba unafunguliwa. Yaani tunamuaga leo na keshokutwa tunamhitaji. Aliyepanga tarehe hizi simjui. Ningemjua ningemnyima uji wiki nzima.

Ndugu Msimamizi Rugemalira ameniagiza niandike mimi, Paskazia wa jikoni, kwa kuwa wa zamani tumebaki mimi na mizani. Herufi nimezipata uzeeni kwenye kisomo. Zikipinda mtazinyoosha wenyewe.

Maige aliajiriwa 1952 kufagia. Akabeba magunia, akapima, na tangu 1967 ndiye mpokeaji mkuu, anayeamua pamba ipi ni safi na ipi ni fifi, ile iliyochafuka. Cheti hana. Wenye vyeti tuliwapata wawili, hesabu zao kama maji. Wa kwanza alikuwa anawaita wakulima kwa namba za kitabuni, mpaka mama mmoja akamwambia, "Mimi namba? Ng'ombe wangu tu wana majina!" Msimu haukuisha, akaondoka. Wa pili akikosea haambiliki. Maige akisoma mizani vibaya, husema mbele ya foleni nzima, "Jamani nimekosea, tuanze upya." Basi watu wakazoea kumtafuta yeye. Wakubwa wakaona foleni inakopindia, wakampandisha.

Lakini msidhani alizaliwa hivyo. Mwaka 1966 alituharibia vibaya sana. Mzee Masalu alileta pamba yake, amefuatana na mume wa binti yake. Maige akatia mkono guniani, akatoa pamba yenye madoa, akaiinua juu. "Mzee, hii fifi tupu." Kweli ilikuwa fifi. Ila mzee wa Kisukuma hadharauliwi mbele ya mkwe wake! Masalu akarudisha magunia yake kwenye mkokoteni, akageuza ng'ombe, na majirani zake wote nyuma yake. Siku nane hatukuona mkokoteni hata mmoja kutoka upande ule.

Msimamizi wa wakati huo alitaka kuandika barua kali. Maige akaomba ruhusa, akaenda kwa miguu hadi kwa Masalu. Hakuanza na maneno. Akaketi chini penye chanja, pamba inapoanikwa, akachambua ile pamba pamoja na mzee, madoa huku, nyeupe huku, mpaka jua likaelekea kuzama. Ndipo Masalu akasema, "Kumbe na mikono unayo. Nilidhani una mdomo tu." Kesho yake mikokoteni ikarudi yote.

Tangu hapo, kabla ya kugusa gunia, Maige husalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, mpaka salamu ifike mwisho, halafu huuliza, "Leo umefuatana na nani, baba?" Akisikia ni mkwe, humtuma mkwe aje kwangu kunywa uji. Nimewanywesha uji wakwe wa Magu nzima nikidhani Maige anawapenda! Kumbe nyuma yangu mzee anaonyeshwa fifi yake taratibu, yeye na Maige tu.

Sasa nafasi yake anapewa Kashindye, mwanamke wa kwanza kushika mizani hapa. Jicho lake linaona fifi gunia bado limefungwa. Shida ni mdomo, unawahi kufika. Msimu uliopita Maige alilala siku nne kwa malaria, na Kashindye akamwuliza mama wa watu, "Hii ulichuma au ulizoa?" Mikokoteni kumi na mmoja ikageuza. Wakubwa wa Mwanza wamesema wazi: likirudiwa, Kashindye anarudi kushona magunia, na hatapandishwa tena.

Maige hakumkemea. Wakati wa kugawa mbegu alizunguka naye vijijini, akamkataza kusema lolote isipokuwa kuuliza. Miezi miwili ya kuuliza tu! Kashindye alikuwa akirudi hapa anakunywa maji vikombe vitatu kama mtu aliyemeza mawe. Amebadilika, sikatai. Lakini nikiona foleni inamkaribia, bado naacha chungu jikoni nije nisikilize.

Ndugu Rugemalira alimwomba Maige abaki msimu mmoja tu. Akakataa. Mimi nikamfuata na mwiko mkononi. "Maige, unatuacha na mtoto wa watu mdomoni mwa mamba?"

Akacheka. "Dada, nikibaki watanisalimia mimi, naye watamruka kama dimbwi."

"Wewe huogopi?"

Akaugusa mlango wa ghala. "Miaka kumi na mitatu tangu kwa Masalu, kila asubuhi nafungua mlango huu naogopa kumwumiza mtu. Hofu hiyo ndiyo kazi yenyewe, dada. Siku isiyokuwepo, nafunga mdomo."

Nami nilimdhani mtulivu! Miaka yote nampakulia uji, sikujua anaunywa na hofu.

Maige, tunakushukuru kwa kila mtu aliyetoka hapa na fifi yake bila aibu. Tunamshukuru na mkeo Leonsia, aliyetuazima wewe misimu yote hiyo. Nenda ukalime, ulale mchana, na pamba yako ukiileta hapa panga foleni kama wenzako. Tunakuombea uzee mwema, wenye afya na wajukuu wasumbufu.

Na msituulize habari ya Jumatatu. Ninalolijua ni moja: asubuhi hii Kashindye ameshindwa kumaliza uji wake. Nilitaka kumbembeleza. Nikamwacha na hofu yake.