Mstari wa Njano Ndani ya Kola

Kamwene, ndugu zangu! Na ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Na ninyi wa misheni, Tumsifu Yesu Kristo. Haya, nadhani nimemsalimu kila mtu, asije mmoja akanuna huko nyuma. Kiti nimepewa, lakini naomba nisimame, maana habari hii nikiisema nimekaa miguu inanicheza.

Wengi mnaniona pale kibandani karibu na stendi ya Makambako, nafuma na kucheka. Mnasema huyu binti hana shida. Ndugu zangu, nawaambia, kuna wakati nilikuwa napita pale pale stendi nimejifunika shali hadi machoni ili mtu asinisalimie. Leo nawaeleza kilichonifikisha huko na walionirudisha. Majina sitayataja. Baadhi yao wamo humu, na naona wameshaanza kuangalia chini. Msiangalie chini jamani, nawapenda.

Mimi shule niliishia darasa la saba, Kichiwa. Kufuma masweta nilifundishwa na mama mdogo wangu hapa Makambako, akaniingiza kwenye kikundi chake. Sasa ninyi wa hapa mnajua utaratibu wetu. Kila mfumaji ana rangi yake. Ukimaliza sweta, unapitisha mstari mmoja wa uzi wa rangi yako ndani ya kola, pale shingoni nyuma, hauonekani ukivaa. Sweta likifumuka, mteja anageuza kola, anaona kijani, anakwenda kwa mama wa kijani, linashonwa bure. Ndiyo ahadi yetu. Mtu akiingia kikundini, mama mwenyekiti anampa donge la uzi mbele ya wote, na siku hiyo tunakunywa togwa. Mimi nilipewa njano. Nililala nalo kifuani lile donge, sioni aibu kusema.

Kisha ikaja biashara huria. Mitumba ikajaa, masweta ya Ulaya yanamwagwa chini kwenye turubai, mtu anachagua kama anachagua viazi. Letu la kufuma kwa mkono akawa haligusi. Kina mama wakaanza kukaa na sindano mapajani bila kufuma.

Hapo ndipo kichwa changu kikaanza kuota. Ilikuwa imefunguliwa kafe ya intaneti karibu na barabara ya kwenda Songea. Nikawa naingia, kijana mwenye kafe ananielekeza, mpaka nikajua kufungua barua pepe na kuandika. Nikamwambia mama mwenyekiti, "Mama, kumbe sweta letu linaweza kuonekana Lubumbashi na mtu hajatoka nyumbani kwake!"

Akanitazama. "Lubumbashi kuna baridi?"

"Kuna, mama. Dereva kasema."

Dereva ni yule mzee wetu wa malori, mtu wa Tanga aliyehamia hapa, kila safari anavuka Tunduma kwenda Kongo. Ndiye aliyetupatia jina la mama mmoja mwenye duka Lubumbashi. Tukapiga picha za masweta, kijana wa kafe akazipandisha kwenye ukurasa, nikaandika jina la kikundi na anuani. Yule mama akaagiza! Jamani, siku barua yake ilipofika nilikimbia kutoka kafe hadi kibandani na kiatu kimoja, kingine kimekwama kwenye tope. Tukafuma kina mama wote, dereva akapeleka mzigo wa kwanza, mama akafurahi, akaagiza tena. Sindano zikarudi kazini. Mimi nikawa naota meli, ndege, sweta la Makambako limevaliwa na rais wa nchi ya theluji.

Basi, ndugu zangu, dereva akapeleka mzigo mwingine. Akarudi nao.

"Kanifukuza," alisema, ameshika kofia mkononi. "Kasema masweta mliyomletea katikati hapa yamefumuka kwenye maji ya kwanza. Kasema sisi matapeli."

Mama mwenyekiti akauliza, "Ya katikati yapi? Sisi hatujapeleka ya katikati."

"Mimi sijayabeba. Yeye anasema aliandikiwa barua pepe, jina lenu, picha zenu, akaletewa na gari jingine."

Nikaona vichwa vinanigeukia, kimoja kimoja.

"Mwanangu," mama mwenyekiti alisema, taratibu kabisa, "nani mwingine hapa anajua kufungua hizo barua za umeme?"

"Ni mimi tu, mama. Lakini sijafanya."

"Umefuma ya haraka haraka kwa uzi wa bei chee ukauza kwa mgongo wetu," mwenzangu mmoja akadakia. "Ulikuwa unaota Ulaya, sasa ndiyo nauli hiyo!"

Wengine wakacheka, kile kicheko kisicho na furaha. Mama mdogo wangu hakucheka, lakini hakusema kitu pia, na hilo ndilo lililoniuma. Mama mwenyekiti akanyoosha mkono. "Rangi ya njano ibaki hapa."

Nikalitoa donge langu mfukoni, nikampa.

Ninyi mnaojua kikundi chetu mnaelewa maana yake. Bila rangi wewe si mfumaji. Nilirudi nyumbani, nikawa nachambua maharage ya watu. Mama mdogo ananiwekea chakula bila kunitazama. Nililia mpaka kuku wakanizoea.

Sasa sikilizeni Mungu anavyofanya. Siku moja gari la matangazo likapita linanguruma: wafanyabiashara wote mnakaribishwa Njombe, wanakuja wataalamu wa sheria za mtandao na biashara ya mtandao, watajibu maswali yenu. Nikaangusha ungo. Sheria za mtandao! Kwa hiyo kuna watu duniani kazi yao ni hii shida yangu! Kesho yake nilikuwa kwenye basi la Njombe alfajiri, nimevaa sweta langu mwenyewe.

Ukumbi ulijaa, ingawa nusu walikuja kwa ajili ya chai na sambusa, tuseme ukweli. Mbele walikaa wataalamu wawili, kaka mmoja wa suti aliyefanya kazi ya kusimamia mambo ya mawasiliano, na dada mmoja mwanasheria, mfupi, koti lake kubwa kuliko yeye maana baridi ya Njombe ilikuwa imemshangaza. Waliongea maneno mengi ya Kiingereza, mengine yakanipita. Lakini walipouliza nani ana swali, mkono wangu ulikuwa juu kabla sijauruhusu.

Nikaeleza yote. Nilipofika kwenye donge la uzi, watu wakaguna.

Kaka wa suti akatikisa kichwa kwa huruma. "Kwa kweli, dada, sheria mahususi ya mambo ya mtandao nchini bado hatuna. Hapo hatuna kifungu."

"Kifungu hatuna, lakini binti tunaye," yule mwanasheria akasema. "Na kujifanya mtu fulani ili uuze ni udanganyifu hata bila kompyuta. Binti, njoo mbele. Mteja akiwa kibandani kwenu, anajuaje sweta ni lenu?"

Nikageuza kola yangu. Nikamwonyesha mstari wa njano, nikamweleza.

Macho yakamtoka. "Na yule wa Lubumbashi, anajua habari ya mstari?"

Ndugu zangu! Hajui! Hakuna aliyemwambia! Kwenye ukurasa nimeandika rangi, saizi, uzito, mpaka baridi ya Makambako nimeisifia, ila kitu kinachotufanya tuwe sisi sikukiandika, maana hapa kila mtoto anakijua. Nani atamweleza mtu kwamba jua linatoka asubuhi?

"Basi tumuulize ageuze kola," nikasema, nikawa naruka pale mbele. "Dada, twende sasa hivi, kompyuta iko wapi?"

"Ngoja," akacheka. "Ukimwandikia wewe, mwenyekiti wako atasema majibu umejiandikia mwenyewe. Kesho narudi Dar, nitashuka Makambako. Lakini wewe mashine hutaigusa."

Na kweli alishuka! Mtu aliyesoma vile, akaingia kibandani kwetu, akasalimia kina mama wote kwa mkono, akakaa juu ya gunia. Mama mwenyekiti alikuwa mgumu. "Huyu tulishamalizana naye."

"Sijaja kumtetea, mama," mwanasheria akasema. "Naomba swali moja tu, na utaliuliza wewe."

Wakaenda kafe wote, wafumaji na watoto mgongoni. Mwanasheria akamweka mama mwenyekiti kwenye kiti mbele ya mashine, kijana wa kafe akawa anaandika anachoambiwa: mama wa Lubumbashi, geuza kola za masweta yote uliyonayo, ya kwanza na haya yaliyofumuka, useme unaona nini. Neno lingine lolote wasiandike, wasimwonyeshe jibu tunalolitaka. Dereva akampigia simu dukani kumwomba, kwa jina la urafiki wao wa zamani, afungue barua mara moja tu ndipo awatukane.

Na mimi? Mimi niliambiwa nikae nje, ng'ambo ya barabara, mahali ambapo kila mtu ataniona kuwa sigusi kitu. Upepo wa Makambako mnaujua. Nilikaa juu ya jiwe, malori yananipitia na vumbi lake, nasali, naacha, nasali tena. Mwenye kuuza mahindi ya kuchoma akaniuliza, "Dada, umefiwa?" Nikamwambia, "Bado sijajua."

Kisha nikasikia yowe. Jamani, kina mama wa Kibena wakipiga vigelegele ndani ya chumba kidogo, bati linatetema!

Dereva ndiye aliyetoka kwanza, kofia juu. "Rangi hakuna!" akapiga kelele toka ng'ambo. "Kaandika mwenyewe: yale ya kwanza kuko kijani, kuko nyekundu, kuko njano. Haya ya mubaya, rangi hakuna, kuko tu kakitambala kamweupe ka kiwanda!"

Nyuma yake akatoka mama mwenyekiti. Alivuka barabara bila kuangalia magari, lori likapiga honi, hata hakugeuka. Akasimama mbele yangu, akaingiza mkono ndani ya khanga yake. Donge langu. Kumbe hakumpa mtu, alikuwa akitembea nalo muda wote.

"Mwanangu," akasema. Akaniwekea mkononi. Tukalia wote wawili, yule wa mahindi naye akalia, sijui alikuwa analilia nini.

Mtapeli mwenyewe hatujamjua hadi leo. Wataalamu wale waliwaandikia wenye mtandao alikoweka picha zetu, ukurasa ule ukaondolewa. Kwenye wetu sasa kuna picha ya kola iliyogeuzwa, na maneno: usipoona rangi, si letu; ukiona, tutalishona. Mama wa Lubumbashi ameshaagiza tena.

Namshukuru dada mwanasheria, na kaka wa suti aliyefuatilia hadi mwisho. Namshukuru dereva wetu. Mama mdogo, nakushukuru kwa chakula cha siku zile. Nilikuwa nakila chote. Na somo langu ni dogo, la darasa la saba: ukifanya biashara na mtu usiyemwona, mwambie hata lile unalodhani dunia nzima inalijua. Na ukishutumiwa, usikimbilie kujisafisha kwa mkono wako. Tafuta mwenye ujuzi, akae katikati, swali aulize yule asiyekuamini.

Sasa wewe baba wa sweta la bluu hapo mbele, tangu nianze nakuangalia. Hebu mama uliyekaa nyuma yake, mgeuzie kola. Rangi gani? Sema kwa sauti, wa nyuma wasikie!

Njano! Haya baba, likifumuka, mimi niko pale stendi.